Daktari Wako Alirudi Darasani Lini? Pata Rada ya Pointi za CPD

Daktari aliyemaliza chuo 1997 alifundishwa kutibu malaria na klorokwini. 1998 Kenya ikaihama, ikaingia SP, ile wengi walijua kama Fansidar. 2004 sera ikageuka tena, safari hii AL, hii mnaita Coartem, na kufikia 2006 ikaanza kufika hospitali za serikali. Sasa imagine huyo dakta hajawahi rudi darasani. Mtoto wako angepewa dawa ambayo vimelea vilishaizoea kitambo.

Ndio maana degree ya ukutani haitoshi. Madaktari, hadi wa meno, wako chini ya KMPDC, na kila mwaka lazima wakusanye pointi 50 za CPD, yaani masomo ya kuendelea, ndio leseni irudi fiti. Leseni inaisha Desemba 31, kwa hivyo ukiona dakta anakimbizana na semina Novemba, usishangae. Manesi na maclinical officer wana mabaraza yao, kila moja na hesabu yake.

Lakini si kila semina ina pointi. Anayeiandaa lazima kwanza atambuliwe na baraza. Wanataka kujua nani anafundisha, mada inasaidia mgonjwa ama ni biashara tu, na waliohudhuria wanahesabiwa vipi. Hapo kwa biashara ndio kuna shida. Kampuni ya dawa inaweza kulipia hoteli, chai na mandazi, halafu "somo" likawa tangazo la dawa yao. Bila mtu wa kukagua, mgonjwa ndiye analipia hizo mandazi.

Kama wewe ni nesi ama dakta na umetumiwa link ya kozi kwa WhatsApp, ulizia baraza lako kabla utume M-Pesa. Ukiangukia wakora, doh imeenda, pointi ni sufuri, na Januari inakupata bila leseni. Kutibu watu hivyo ni kesi.

Tusidanganyane pia: msee anaweza kaa nyuma akiscroll TikTok siku mzima na bado apate pointi zake. Hiyo system haijaziba.

Na wewe mgonjwa, rejista ya madaktari iko kwa website ya KMPDC, unasearch jina tu. Lisipotokea, uliza pale mapokezi kabla uvue shati.