Fidia ya Mvuvi Si Sadaka

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Usemi huu hunijia kila ninapotafakari yaliyowafika wavuvi wa samoni wa Ireland, ambao mwaka 2007 walipigwa marufuku na serikali yao kuendelea kutumia nyavu za kuelea baharini.

Kwa msomaji asiyemfahamu, samoni ni samaki msafiri. Huzaliwa mtoni katika maji matamu, hukulia baharini, kisha aghalabu hurejea kutaga mayai katika mto ule ule alikozaliwa. Kila mto basi una kizazi chake. Nyavu za kuelea hazibagui: hunasa samaki wa mto wenye neema pamoja na wa mto uliobakiwa na wachache mno. Hiyo ndiyo hoja ya wanasayansi, nami siipingi.

Ninalolihoji ni jina la malipo. Serikali ilitenga takriban yuro milioni 30, sehemu kubwa ikiwa ya wavuvi wenyewe. Malipo ya mwenye leseni yalikadiriwa kwa kutazama samaki aliovua kati ya 2001 na 2005. Lakini mpango huo uliitwa mpango wa dhiki. Mwanaisimu hawezi kulipita jina kama hilo bila kusita. Mwenye dhiki huonewa huruma. Mwenye haki hulipwa. Neno letu fidia, tulilolipokea kutoka Kiarabu, hutumika pia kwa malipo ya kumkomboa mateka. Anayeitoa hafanyi hisani, kwani kuna kitu cha thamani anachokipata.

Orri Vigfússon, mfanyabiashara wa Iceland aliyefariki mwaka 2017, alilielewa jambo hili. Kupitia hazina aliyoiasisi mwaka 1989, aliwaendea wavuvi na kupatana nao kwa hiari: nyavu zikae bandarini, nao walipwe. Wavuvi wa Visiwa vya Faroe waliafikiana naye mwaka 1991. Hao walikuwa wauzaji, si waombaji.

Wapo watakaosema kwamba bahari si mali ya mvuvi, na kwamba leseni ni ruhusa tu ambayo serikali yaweza kuiondoa. Kisheria hoja hiyo ina uzito. Lakini tujiulize: ni nani anayefaidika? Samoni aliyeepuka wavu huingia mtoni, ambako wavuvi wa mshipi wanaovua kwa burudani hulipa fedha ili wamnase, na wenye hoteli hupata wageni. Ikiwa faida imehamia kwa wengine, ni dhuluma kumwachia mvuvi wa pwani gharama yote.

Isitoshe, mvuvi si mshtakiwa pekee. Yapo mabwawa yanayoziba njia za mito, wapo chawa wanaoenea kutoka kwa samoni wa kufugwa, na kuna joto linalozidi baharini. Mwaka 2023 shirika la IUCN lilitangaza kwamba samoni wa Atlantiki walipungua kwa asilimia 23 kati ya 2006 na 2020, ingawa nyavu nyingi zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Mvuvi alitangulia kuadhibiwa kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Samoni na aokolewe. Lakini mtu aliyeutua wavu wake kwa manufaa ya wote asihesabiwe miongoni mwa waliosaidiwa. Yeye ndiye aliyetoa.