Kununua Shamba la Mikarafuu kwa Mkopo: Piga Hesabu ya Mwaka Mbaya

Wanachama wetu,

Kila msimu unapokuwa mkubwa, wako miongoni mwetu wanaotaka kuongeza shamba jingine kwa fedha za kukopa. Jambo hili ni la heri, kwani shamba ni mali ya kuwarithisha watoto. Lakini yafaa tuelezane jinsi ya kulipima shamba kabla mtu hajatia saini karatasi ya deni.

Kwanza, ujue unachonunua. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria ya mwaka 1992 humpa mtu haki ya kuitumia. Nayo miti huweza kuwa na mwenyewe mwingine asiyekuwa mwenye ardhi. Basi uliza: unauziwa haki ya ardhi, au miti tu? Eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 zina masharti yake. Shamba la urithi lataka warithi wote wawepo, wanawake kwa wanaume. Usitoe fedha mpaka sheha na afisi ya ardhi waulizwe, na mauzo yapitie Bodi ya Uhaulishaji.

Pili, hesabu miti mwenyewe kwa miguu yako. Tenga inayozaa, iliyochoka, na michanga. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, hivyo mche wa mwaka jana hauwezi kulipa deni la mwaka huu.

Tatu, na hapa ndipo wengi huangamia, usipime shamba kwa mavuno ya mwaka mmoja. Mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, huenda ukapumzika miaka miwili au mitatu. Tutoe mfano. Tuseme shamba lauzwa shilingi 14,000,000, nalo kwa miaka mitano limetoa karafuu kavu kilo 300, 40, 120, 60 na 180. Jumla ni kilo 700, yaani wastani wa kilo 140 kwa mwaka. Tuseme kilo ni shilingi 10,000, na nusu ya fedha huliwa na wachumaji, palizi, kuanika na gari. Mwaka mkubwa utabakisha 1,500,000. Mwaka wa wastani 700,000. Mwaka mbaya 200,000 tu, au pungufu, kwa kuwa palizi haipungui kwa sababu karafuu zimepungua.

Sasa mnunuzi ana nusu ya bei, na nusu, yaani 7,000,000, anaikopa kwa miaka saba. Atalipa 1,000,000 kila mwaka, kabla ya faida ya mkopeshaji. Aliyehesabu kwa mwaka mkubwa ataona deni ni jepesi. Kumbe hata mwaka wa wastani hautoshi, na mwaka mbaya itambidi auze ng'ombe, au shamba lenyewe.

Wako wanaokimbia riba, wakaafikiana na mkopeshaji anunue yeye kisha awauzie kwa bei ya juu kidogo kwa mafungu. Hayo ni mazuri, lakini fungu nalo lina tarehe yake, wala halingoji mkarafuu uzae. Wazee wetu waliyaona haya katika bei khiyari: mtu aliuza shamba kwa sharti la kulikomboa, akaendelea kukaa humo na kulipa kodi. Karafuu ziliposhuka bei, wengi walishindwa kukomboa, hata Serikali ya wakati ule ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia mashamba yasihame mikononi mwa wenyewe.

Ushauri wetu ni huu. Kopa kiasi ambacho fungu lake laweza kulipwa na mwaka mbaya, pamoja na akiba uliyoiweka mwaka mzuri. Omba malipo yapangwe baada ya mavuno, si kila mwezi. Usiweke rahani nyumba unayolala na watoto. Na kama hesabu haikubali, ngoja, au nunua nusu ya shamba pamoja na ndugu yako kwa maandishi.

Wahenga wamesema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mwanachama mwenye karatasi asiyoifahamu na ailete afisini tuisome pamoja kabla ya kutia saini, si baada yake.

Wabillahi taufiki.

Katibu