Ijue Gari Yako (Sehemu ya 3): Kubadili Breki za Diski za Nyuma

Wiki iliyopita tulibadili pedi na diski za mbele. Aliyeifanya kazi ile mpaka mwisho asidhani kwamba ya nyuma ni ileile. Nyuma ndiko iliko handbreki, nayo huibadili kazi nzima.

Diski haitoki mpaka handbreki iachiwe. Nayo ikiachiwa haitalizuia gari. Kwa hiyo, kabla ya kupiga jeki, egesha gari mahali tambarare na pagumu, utie kabari magurudumu ya mbele. Kisha ulikalishe juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiikabidhi uhai wako.

Sasa tambua handbreki yako ni ya aina gani. Aina ya kwanza ni breki ndogo iliyojificha ndani ya tumbo la diski, kama kwenye Toyota RAV4 nyingi. Diski ikigoma kutoka, usikimbilie nyundo. Ilegeze kwanza breki hiyo kupitia tundu lake.

Aina ya pili, waya wa handbreki huvuta mkono ulio kwenye kalipa yenyewe. Hapa ndipo wengi huharibu. Pistoni ya mbele husukumwa ikarudi. Hii ya nyuma ina nyuzi za skrubu ndani, hivyo huzungushwa huku ikisukumwa, kwa kifaa chenye meno yanayoingia kwenye vitundu vya uso wake. Ukiibana kwa nguvu utavunja mtambo wa ndani, na badala ya kununua pedi utanunua kalipa.

Aina ya tatu huendeshwa na mota ya umeme. Hiyo hurudishwa kwanza kwa utaratibu wa kiwanda, aghalabu kwa kompyuta ya gereji.

Yaliyobaki unayajua: kalipa ifungwe kwa waya isining'inie kwenye paipu yake, kutu ikwanguliwe, diski mpya ifutwe mafuta yake, na pande zote mbili zibadilishwe pamoja.

Ukimaliza, usiondoke bado. Kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa kuwa mara ya kwanza huzama bila kushika. Kisha ijaribu handbreki. Na kama hukuweza kuitambua aina yake, ndugu msomaji, usifungue hata nati moja. Mpelekee gari fundi anayeijua. Breki haibebi roho yako tu.