Sauti ya Chini katika "The X Factor"

Wapenzi wengi wa Iron Maiden, bendi ya hevi metali ya Uingereza, huiruka albamu hii ya 1995. Eti Blaze Bayley hana koo la Bruce Dickinson, aliyeondoka mwaka 1993. Kweli, hana. Sauti yake ni ya chini, nzito, na nyimbo za zamani zilimpa tabu jukwaani. Lakini tukimpima kwa hilo tu, fani tumeitenga na maudhui.

Hebu tutazame nani anasema. Katika "Sign of the Cross", wimbo wa dakika 11 uliochota kwenye riwaya ya Umberto Eco, The Name of the Rose, anayesema ni mtu anayewangoja watawa kwa hofu. Mtu wa namna hiyo hapazi sauti, ananong'ona, anaguna. Bayley ndiye huyo hasa.

"The Edge of Darkness" nao umefuata filamu ya Apocalypse Now (1979), iliyokihamisha kisa cha Conrad kutoka Kongo hadi Vietnam. Sisi tuliomsoma Conrad pamoja na lawama za Achebe za 1975 tuna neno hapa: wenyeji wamebaki mandhari tu, kama kawaida. Ila sauti ya Bayley, jamani, inalirudisha giza kifuani mwa askari mwenyewe.

Dickinson alirudi 1999, na mwaka 2001 akauimba "Sign of the Cross" Rio de Janeiro. Aliupaisha vizuri mno. Yule mwenye hofu sikumsikia.