Chekechea ya Usharika: Nani Anakagua Usalama wa Watoto?



Sharika nyingi huanzisha chekechea kwa nia njema. Mama anayewahi samaki alfajiri pwani ya Bagamoyo, au anayepanda daladala kwenda kufanya biashara Dar es Salaam, anahitaji mahali pa kumwacha mtoto. Lakini nia njema haifuniki kisima kilicho wazi. Makala hii inaeleza sheria inataka nini na kamati ya usharika inahusikaje.

Sheria inasemaje?

Tanzania Bara ilipata sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana mwaka 1981. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, ambayo sasa ndiyo inayosimamia vituo hivyo. Anayetaka kuendesha kituo anatakiwa kuomba kibali cha Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Mahali pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Aidha, kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuzifikisha kwenye mamlaka ya serikali za mitaa.

Tatizo liko wapi?

Mara nyingi chekechea moja huwa na watoto wa miaka mitatu pamoja na wa darasa la awali. Malezi ya mchana yako chini ya ustawi wa jamii. Elimu ya awali iko chini ya mamlaka za elimu na wadhibiti ubora wa shule. Kamati ikidhani kibali cha upande mmoja kinatosha, au kwamba jina la kanisa ni kibali tosha, kuna watoto watakaobaki bila mkaguzi. Ajali ikitokea ndipo watu huanza kuulizana.

Kamati ifanye nini?

1. Ihesabu watoto kwa umri, kisha iulize ofisi zote mbili za halmashauri.
2. Ikague visima, vyoo, uzio na jiko. Huko Mapinga, Kerege na Zinga iangalie pia barabara kuu na bodaboda zinazobeba watoto.
3. Iandike nani anamleta na nani anamchukua kila mtoto.
4. Ichunguze mwenendo wa mlezi kabla ya kumwajiri, hata akiwa msharika.
5. Ibandike ukutani namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.
6. Shutuma za ukatili zipelekwe ustawi wa jamii na polisi. Zisimalizwe kwenye kikao cha wazee.

Kwa marafiki wanaotuchangia

Sare na vitabu hupendeza kwenye picha. Uzio, choo cha watoto na mshahara wa mlezi wa pili havionekani sana, lakini ndivyo vinavyomrudisha mtoto nyumbani salama. Tunaomba kila andiko la mradi wa chekechea liwe na fungu la mambo hayo, na nakala ya kibali iambatanishwe.