Kwa nini IST inakwama kilimani mvua ikinyesha?

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, njia za udongo hapa Katubuka huwa tope tupu. Umeshaiona: IST imejaa abiria, gunia la dagaa kwenye buti, tairi za mbele zinazunguka tu, vijana wanasukuma kwa nyuma. Shida nini?

IST nyingi huvutwa na tairi za mbele. Tairi hushika ardhi kwa msuguano, na msuguano hutegemea uzito unaoikandamiza tairi. Kwenye tambarare, uzito wa injini unasaidia. Ila ukipanda mlima, uzito unahamia nyuma, na mzigo wa kwenye buti unapunguza zaidi uzito wa mbele. Tairi ikianza kuserereka, msuguano unashuka tena. Ndiyo maana ukikanyaga mafuta kwa nguvu unajichimbia shimo tu.

Ufanyeje? Shusha mzigo wa nyuma, kanyaga mafuta taratibu, achana na tairi kipara. Ikigoma, na njia ni tupu, panda kwa rivasi: sasa tairi zinazoendesha gari ziko upande wa chini, kule kule uzito ulikohamia.

Na wanaosukuma? Wasikae upande wa chini. Gari likirudi, tope halitawapa nafasi ya kukimbia.