Deni la mfukoni hulipika likiwekwa mezani

MFANYABIASHARA wa Tandika anaweza kukutajia bila kusita bei ya gunia la maharage, tenga la nyanya na ndoo ya mafuta ya kula. Muulize bei ya fedha aliyokopa asubuhi hiyo hiyo kununulia bidhaa hizo, atasita. Atakwambia kiasi anachorejesha kwa siku, si kiasi anachotozwa.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Fedha nayo ni bidhaa yenye bei ya jumla na ya rejareja, na rejareja yake mtaani ni ghali kuliko bidhaa nyingine yoyote iliyopo sokoni.

Chukua mfano wa mama mwenye meza ya mitumba katika soko la Mchikichini, maarufu Karume, jijini Dar es Salaam. Kila siku, baada ya kutoa gharama za belo, nauli, ushuru na chakula cha nyumbani, hubakiwa na sh. 22,000. Si haba. Lakini mama huyo anadaiwa na watu wanne.

Wa kwanza ni mwenye duka la jumla aliyempa mzigo wa mali kauli, sh. 180,000 zisizo na riba. Wa pili ni programu ya mikopo ya simu. Alichukua sh. 60,000 na anatakiwa kurejesha sh. 78,000 ndani ya siku 14. Wa tatu ni mkopo wa mtaani wa aina inayoitwa 'kausha damu'. Alipewa sh. 300,000 kwa masharti ya kurejesha sh. 13,000 kila siku kwa siku 30. Wa nne ni kikundi chake cha kuweka na kukopa, ambako amebakiza sh. 240,000 anazolipa sh. 20,000 kwa wiki.

Jumla ya yote ni sh. 888,000.

Bei halisi ya fedha

Mkopo wa simu unaonekana mdogo kuliko yote. Hata hivyo, sh. 18,000 juu ya sh. 60,000 ni asilimia 30 kwa wiki mbili tu.

Kwa upande wa kausha damu, mkopaji huambiwa kuwa riba ni asilimia 30 kwa mwezi, kwa kuwa atarejesha sh. 390,000. Hesabu hiyo inamdanganya. Sehemu ya mtaji hurudishwa kila siku kuanzia siku ya kwanza, hivyo kwa wastani mkopaji hukaa na takriban nusu tu ya sh. 300,000 katika mwezi mzima. Ukigawa riba ya sh. 90,000 kwa fedha aliyokuwa nayo kweli mkononi, bei inakaribia asilimia 60 kwa mwezi.

Kwa kulinganisha, huduma ya M-Shwari nchini Kenya ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Huo ulikuwa mkopo wa benki wenye masharti ya wazi. Lakini nao, ukikopwa upya kila mwezi kwa mwaka mzima, ada zake hufikia asilimia 90 ya kiasi kilichokopwa.

Wiki sita

Je, mama wa mitumba anaweza kutoka? Kwa karatasi, ndiyo, tena mapema kuliko anavyofikiri.

Akitoa sh. 13,000 za kausha damu kila siku, hubakiwa na sh. 9,000, yaani sh. 63,000 kwa wiki. Akitoa sh. 20,000 za kikundi, zinabaki sh. 43,000. Katika wiki mbili atakuwa na sh. 86,000, na deni la simu la sh. 78,000 litafungwa siku yake ikifika.

Wiki ya tatu na ya nne fedha hiyo hiyo inaelekezwa kwa mwenye duka la jumla. Siku ya 30 kausha damu inakwisha, na ndani ya wiki ya tano mali kauli nayo inamalizika. Wiki ya sita, akiwa hana tena wa kumdai kila siku, anamaliza kikundi na kubakiwa na sh. 36,000.

Sasa tazama njia ya pili. Siku ya 14 mtoto anaugua au mvua inanyesha wiki nzima na wateja hawaji. Mama anakopa kwenye programu nyingine kulipa ile ya kwanza, kwa bei ile ile. Deni la sh. 78,000 linakuwa sh. 101,400 baada ya wiki mbili. Akirudia tena linakuwa sh. 131,820. Wiki sita zile zile zilizotosha kumtoa kwenye madeni yote manne zimegeuza sh. 60,000 kuwa zaidi ya maradufu.

Kwa maana hiyo, kinachotenganisha njia hizi mbili si akili ya hesabu wala bidii ya kazi. Ni siku moja mbaya, na kama siku hiyo mdaiwa yuko peke yake au la.

Siri inayogharimu

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Walisema pia mficha maradhi kifo humuumbua. Mdaiwa wa mjini hufuata methali ya kwanza na kusahau ya pili. Huficha deni kwa mume au mke, kwa jirani wa meza na kwa wanakikundi wenzake, kisha hukopa upya ili siri isitoke.

Baadhi ya wakopeshaji wa mitandaoni waliielewa biashara ya aibu vizuri. Walichukua namba za ndugu na marafiki kutoka kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ujumbe wa kumtangaza pindi anapochelewa. Mtu aliyeficha deni alilipa chochote, popote kilipotoka. Mtu ambaye wenzake walikwishajua deni lake hakuwa na cha kutishiwa nacho.

Serikali imejaribu kulidhibiti soko hilo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, na Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali. Novemba 2024 ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya nayo ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Hata hivyo, sheria humdhibiti mkopeshaji. Daftari la mkopaji hubaki mikononi mwake mwenyewe.

Macho ya wenzako

Vikundi vya kuweka na kukopa si vigeni. Mfumo ulioenea Tanzania kwa jina la VICOBA una asili yake Niger, ambako shirika la CARE lilianzisha vikundi vya akina mama mwaka 1991. Jambo jipya ni matumizi ya vikundi hivyo, au makundi ya kawaida ya WhatsApp ya wenye meza, kwa kazi ya kulipa badala ya kukopa.

Utaratibu wake ni mwepesi. Watu watano hadi kumi wanaofahamiana hutaja madeni yao yote mbele ya wenzao, pamoja na tarehe. Kila jioni kila mmoja huandika mistari miwili: leo nimeuza kiasi gani, nimelipa nani kiasi gani. Asiyeandika hupigiwa simu. Anayetaka kukopa upya husema kwanza kabla ya kubonyeza kitufe. Hakuna fedha inayopita kwenye kundi.

Kwamba macho ya wenzako yana thamani ya fedha si maneno ya vijiweni tu. Watafiti Felipe Kast, Stephan Meier na Dina Pomeranz walilipima jambo hilo nchini Chile kwa wajasiriamali wadogo zaidi ya 2,600. Baadhi walipewa akaunti ya kawaida ya akiba. Wengine walipewa akaunti hiyo pamoja na kikundi ambamo walitangaza lengo lao na kufuatiliwa hadharani. Waliofuatiliwa waliweka akiba mara nyingi zaidi, takriban mara tatu na nusu ya wenzao. Akaunti yenye riba kubwa zaidi haikubadili mambo kwa walio wengi. Baadaye ilionekana kuwa ujumbe wa simu wa ufuatiliaji ulileta matokeo yanayokaribia yale ya kukutana ana kwa ana.

Utafiti huo ulihusu akiba, si madeni, lakini ugumu ni ule ule. Katika yote mawili mtu hutakiwa kuitenga fedha ya leo kabla haijapata matumizi mengine.

Upo pia ubishi wa deni lipi lianze. Mhasibu atasema lianze la bei kubwa. Nchini Marekani, David Gal na Blakeley McShane walichapisha mwaka 2012 utafiti ulioonyesha kuwa wadaiwa waliofunga akaunti moja moja walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza madeni yote, kwa sababu kila akaunti iliyofungwa huwapa moyo. Kwa mama wa mitumba ubishi huo haupo, kwani deni la simu ndilo dogo na ndilo linalozaa haraka.

Mipaka yake

Kikundi hakilipi deni la mtu. Kama marejesho ya siku ni makubwa kuliko faida ya siku, hakuna ujumbe wa WhatsApp utakaoziba pengo hilo. Hapo kazi ya wenzake ni kumsindikiza kwa mkopeshaji kuomba muda mrefu zaidi, kabla ya tarehe na si baada yake. Mwenye duka la mali kauli mara nyingi husikiliza, kwa sababu naye anahitaji mteja wa kesho.

Aidha, ajali haingoji ratiba. Moto ulipoteketeza soko la Kariakoo Julai 2021, na lile la Karume Januari 2022, mizigo iliyochukuliwa kwa mkopo iliungua lakini madeni yake hayakuungua. Ndiyo maana vikundi makini huwa na mfuko wa jamii, uliotengwa na mtaji wa kukopeshana, kwa ajili ya ugonjwa, msiba na majanga.

Ya kuzingatia

Andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja: kiasi, tarehe na bei yake kwa mwezi.

Uliza kabla ya kulipa mapema. Kama riba haipungui, fedha hiyo ifunge deni jingine kwanza.

Usikopee mtu mwingine kwa jina lako, hata kama ni mwanakikundi mwenzako.

Kikundi kikianza kukusanya fedha, kisajiliwe halmashauri. Sheria ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii katika daraja la nne. Usajili hufungua pia mlango wa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Deni la mwisho likifungwa, usiache kutenga. Mama aliyezoea kutoa sh. 13,000 kila siku kwa siku 30 kumlipa mkopeshaji amekwisha kuthibitisha kuwa anaweza kuweka sh. 390,000 kwa mwezi. Akijilipa mwenyewe kiasi hicho mwezi mmoja tu, belo linalofuata atalinunua kwa fedha taslimu.